Mikwiro Laini ya Kupigia Toazi: Ipi Ununue Kwanza

Toazi la kuning'inizwa likipigwa kwa mkwiro wa kawaida wa ngoma hulia mara moja kwa ukali. Ukitaka sauti inayoanza kwa mnong'ono ikavimba mpaka ikajaa ukumbi, unahitaji mikwiro yenye vichwa laini. Wengi hukimbilia ya timpani (ngoma kubwa za okestra zenye umbo la bakuli) kwa kuwa ndiyo laini kuliko yote. Katika orodha hii ni ya tatu.

1. Kichwa cha uzi wa sufi, ugumu wa kati, kama cha marimba. Mwenye uwezo wa jozi moja tu aishie hapa. Kiini chake kina uzito wa kulitikisa toazi jembamba la inchi 16 hadi 18, na uzi unafunika mgongano wa kila pigo, hivyo unasikia mvumo mmoja. Kikiwa laini mno, mng'ao wa juu hautoki. Kikiwa kigumu mno, utahesabu mapigo.

Kuijaribu jozi, lipige toazi pande mbili zinazotazamana, kushoto na kulia, sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Pokezana mikono polepole, na uongeze kasi kadiri sauti inavyokua. Ukipiga upande mmoja tu toazi litayumba, nawe utaulaumu mkwiro bure. Nati ya juu inayolishikilia toazi kwenye stendi isikazwe, maana toazi lililobanwa haliitiki kwa mkwiro wowote.

2. Kichwa cha uzi wa pamba, kama cha vibrafoni, ala ya vibao vya chuma. Hutamka zaidi: mzuri kwa pigo moja moja lenye mwanzo dhahiri, au kwa toazi nene. Udhaifu wake uko kwenye mwanzo wa chinichini, kwa sababu mgongano hausitiriki.

3. Felti (sufi iliyoshindiliwa) ya timpani. Huamsha sauti nzito za chini, na mng'ao huchelewa. Toazi la inchi 20 na wimbi refu la polepole vinaifaa. Ila ukingo wa toazi huichana felti na kuitia weusi, kisha haifai tena kwa timpani. Ukiinunua, iwe ya matoazi peke yake.

4. Mkwiro wa pande mbili, ncha ya mti huku na felti kule. Humwokoa mpiga dramu asiye na nafasi ya kubadilisha mikwiro katikati ya wimbo. Kichwa ni chepesi, kwa hiyo toazi zito huitika shingo upande.

Vichwa vya plastiki ngumu au shaba viache kabisa. Vinaweza kulitia toazi ufa.

Kabla ya kulipa, bonyeza kichwa kwa kidole gumba: kiini kikigusika kirahisi, uzi ni mchache. Tikisa uone kama kichwa kinacheza kwenye mpini, na upime mikwiro yote miwili mkononi, kwani jozi isiyolingana uzito hutoa mvumo unaochechemea. Mpini wa henzirani hupinda kidogo na hulainisha pigo. Wa mti mgumu hukupa udhibiti zaidi kwenye kilele.