Chimbuko la Shujaa: Ununue Lipi Kwanza?

Komiki ya kwanza kununua ni ya chimbuko: mtu kapataje nguvu, na nani alimshauri avae nguo za kubana. Kipimo changu ni kurasa. Shujaa anayehitaji juzuu zima kueleza alikotoka, mwogope.

1. Spider-Man. Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walimaliza kila kitu kwa kurasa 11. Peter Parker anang'atwa na buibui mwenye mionzi, na wazo lake la kwanza si kuokoa watu. Anakimbilia mieleka na televisheni akatafute hela. Mwizi anapita mbele yake, anamwachia, kisha huyohuyo anamuua Ben, ami yake aliyemlea. Angalia yaliyomo kabla ya kulipa: kisa hiki kilitoka katika Amazing Fantasy namba 15, kwa hiyo juzuu linaloanzia Amazing Spider-Man namba 1 pekee limeruka utamu. Chukua mkusanyo wa jalada laini wenye vyote viwili. Nakala halisi ya 1962 waachie matajiri. Moja iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021.

2. Batman. Mwaka 1939 kurasa mbili zilitosha: wazazi wanauawa, mtoto anaapa, anakua, popo anaingia dirishani, naye anaona ndiyo ishara. Bahati yetu hakuingia mende. Lakini nunua Year One ya 1987, matoleo manne ndani ya juzuu moja jembamba. Hapo askari polisi Gordon karibu amnyang'anye Batman hadithi yake.

3. Superman. Ukurasa mmoja mwaka 1938. All-Star Superman ya 2005 ikapunguza hadi picha nne. Baba mwanasayansi anajua sayari inalipuka, halafu anaunda chombo cha kutosha kitoto tu! Hata hivyo All-Star ndiyo ya kununua, chimbuko likiwa nyongeza tu.

4. Hulk. Mwanasayansi anapigwa na mionzi ya bomu la gama, dakika chache, kwisha. Toleo la kwanza alikuwa wa kijivu. Rangi ikasumbua mtamboni, la pili akawa kijani. Ukimkuta kijivu, usirudishe kitabu dukani.

Mkiani: Wolverine. Alitokea 1974, chimbuko lake likaja 2001 katika komiki ya Origin, kwa matoleo sita. Miaka yote hiyo kutojulikana ndiko kulikomfanya atishe. Origin inunue ikishuka bei, tena baada ya hao wanne.