Njia ya Marangu kwa matembezi ya hisani ya wanafunzi: lipieni siku sita

Kati ya njia zote za kupanda Kilimanjaro, Marangu ndiyo pekee yenye mabanda ya kulala. Kwa kundi la shule linalochangisha fedha za madawati au matibabu, hilo si jambo dogo. Mvua ya msituni ikiwapata, mnafikia penye paa, na mwalimu anajua nani kalala kitanda kipi. Vituo viwili vya kwanza, Mandara na Horombo, vina vibanda vya mbao vyenye vitanda na magodoro. Mfuko wa kulalia mnakuja nao. Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, ni jengo la mawe, mnalala wengi chumba kimoja, na vyoo viko nje kwenye baridi kali.

Kasoro yake ni mwinuko kati ya kituo na kituo. Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Hapa mnapandisha 1,000. Ndiyo maana ratiba ya siku tano, japo ni nafuu, haiwafai wanafunzi. Chukueni ya siku sita: mnalala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati mnapanda polepole hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala chini. Siku hiyo inapunguza hatari ya ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu mlimani, lakini haiiondoi.

Kibo hakuna maji. Wapagazi huyabeba kutoka chanzo cha mwisho, juu ya Horombo, kwa hiyo ulizeni mapema kampuni imepanga wapagazi wangapi. Mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kilo 20. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, mara nyingi pengo linafidiwa kwa kukata ujira na chakula cha wapagazi, na ni aibu fedha za hisani zipatikane kwa njia hiyo. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini. Kila mwanafunzi awe na chupa ngumu za kujaza tena.

Safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, kwenye changarawe inayoteleza, hadi Gilman's Point (mita 5,685) kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, halafu mnaufuata ukingo huo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mrija wa kunywea maji kutoka mfuko wa mgongoni huganda, hivyo tegemeeni chupa, tena iliyovishwa soksi na kugeuzwa mdomo chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Betri za akiba zikae ndani ya koti. Usiku huu daini mwongozaji mmoja kwa wanafunzi wawili: mmoja akiugua, lazima ashuke na mtu, na waliobaki wasiachwe bila kiongozi.

Anayeyumba akitembea, anayetapika mfululizo au anayehema hata akiwa amekaa, ashuke saa hiyo hiyo, giza lisiwe kisingizio. Dawa ya kichwa inaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa wa mwinuko ukiendelea. Kibo kuna machela ya gurudumu. Hakikisheni pia kampuni inabeba oksijeni na kipimo cha oksijeni ya damu, na kwamba kinatumika asubuhi na jioni.

Jambo linaloharibu matembezi ya hisani kuliko yote ni ahadi za michango zilizofungwa kwenye kilele. Mtoto anayejua kwamba wafadhili watalipa akifika Uhuru tu, ataficha maumivu ya kichwa, na mwongozaji hawezi kumsaidia asiyesema. Fungeni ahadi kwenye kushiriki, au kwenye kufika Horombo, na fomu ya mchango iseme hivyo waziwazi.

Kwa masharti hayo, tunaipendekeza Marangu. Likizo ya Juni ni bora kuliko ya Desemba, ambayo huweza kuangukia mvua za vuli. Vitanda vya Kibo ni vichache kuliko vya Horombo, hivyo kundi kubwa lihakikishe nafasi za Kibo kabla ya kulipa malipo ya awali.