Uzoefu wangu: kutoa uvundo ndani ya Peugeot 504 hapa Malindi

Kama una gari ya zamani na unakaa huku pwani hii harufu waijua, ukifungua mlango asubuhi inakupiga puani, uvundo wa kapeti lililolala na maji. Mimi ninayo Peugeot 504 ya ami yangu, ile saluni yenye dirisha la juu, na masika yakiingia mwezi wa nne ndani kunafanya kawa mpaka kwenye mikanda ya viti. Kwenye kuosha magari nilikua napuliziwa manukato tu, nalipa, jioni harufu imerudi imechanganyika na waridi, yani bora hata ya mwanzo.

Sasa nimepata fundi wa bodi na viti kule Maweni na nasema wazi kazi yake nimeipenda sana. Kwanza alikataa kuosha. Akaniambia "kaka, maji yaingilia wapi? Nikisafisha leo mvua ya kesho itarudisha kila kitu." Basi akang'oa viti, kapeti na felti ya chini, akaniketisha ndani na tochi huku kijana wake anamwaga maji nje kwa mpira, pole pole, anaanzia chini anapanda juu ili tujue ni wapi hasa, na kweli milango ilikua mizima, maji yalikua yanapita kona ya windskrini na mengine yanashuka toka dirisha la juu kwa sababu ile mirija yake ya kutolea maji imejaa vumbi na majani ya mwarobaini. Akaizibua na waya laini wa plastiki. Kompresa hakutaka kabisa, anasema presha ikichomoa mrija ndani ya nguzo ya paa kuurudisha ni balaa.

Hiyo kona ya windskrini ndio iliniuma. Gereji moja zamani iliweka silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki ikikauka, na hiyo harufu ni asidi jamani, inakula bati, chini yake tumekuta kutu. Ikatolewa yote. Kwenye sakafu, pale bati mbili zinapokutana, sila ya kiwandani, ile dawa ya kuziba mishono isipitishe maji, ilikua imekauka na kupasuka, akaikwangua, akapiga msasa mpaka bati linang'aa, prayma ya kuzuia kutu, akaacha ikauke vizuri ndio akapitisha sila ya poliyurethani ya mishono ya bodi kwa brashi, kisha rangi juu. Hakuharakisha hata kidogo na hapo ndipo nilipomwamini.

Harufu yenyewe haikua kazi kubwa baada ya hapo. Felti ya zamani ilitupwa, ikishaota kuvu huisafishi, akakata mpya. Kapeti na viti vikafutwa na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, vikakauka, kisha soda ya kuokea ikalala usiku kucha ikavutwa na vakyumu. Kapeti liliwekwa juani lakini viti kivulini penye upepo, jua letu lakausha vinyl mpaka inapasuka. Na tafadhali wale mnaopenda jiki, msiichanganye na siki hata kidogo, yatoa gesi ya klorini na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia!

Nililipa Sh14,000 ya ufundi, vifaa nilinunua mwenyewe. Doa la dari halikutoka, na simu hashiki ovyo, lazima uende mwenyewe. Lakini mvua zimepiga usiku mzima na nimepitisha mkono chini ya kapeti, pakavu, mke wangu sasa anapanda bila kuteremsha kioo.

Mkitaka kwenda nendeni wakati wa kaskazi, masika yakianza foleni ni ndefu na sila yataka bati kavu kabisa.