Girls'Day na Boys'Day nchini Ujerumani: tathmini ya mzazi

Wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Ujerumani, ambao watoto wao wamefika darasa la tano au zaidi, wangefanya vyema kuifahamu mapema huduma hii, inayowapeleka wanafunzi mahali pa kazi kwa siku moja ili waonje kazi ambazo watu wa jinsia yao ni wachache, bila kusubiri barua ya shule. Girls'Day, yaani siku ya wasichana, ilianza mwaka 2001, na Boys'Day, siku ya wavulana, ikafuata mwaka 2011. Zote mbili hufanyika siku moja, kwa kawaida Alhamisi ya mwezi Aprili, chini ya uratibu wa kituo kilichoko Bielefeld kinachopata fedha za serikali ya shirikisho, na mzazi hatozwi chochote.

Ninachokithamini zaidi ni kanuni ya kuchagua kazi. Kazi huingizwa kwenye orodha ya wasichana pale tu ambapo wanawake hawafiki asilimia 40, na orodha ya wavulana hufuata kipimo hicho hicho kwa upande wa wanaume. Hivyo msichana hukutana na useremala, ufundi umeme, uhandisi wa mitambo na utengenezaji wa programu za kompyuta, na mvulana hupelekwa chekechea, wodini au kwenye makao ya wazee. Sisi tuliokua tukiwaona mafundi cherehani wanaume wamejipanga barazani tuna la kumwambia kijana anayekataa kazi fulani kwa kuwa ni ya wanawake, maana hapa Ujerumani wengi wanaojifunza ushonaji ni wasichana.

Usajili hauna usumbufu. Kwenye ramani ya mtandaoni iitwayo Radar unaandika jina la mji, unachagua aina ya kazi, kisha unaona nafasi zilizobaki. Fomu ya kuombea ruhusa shuleni inapatikana hapo hapo, na washiriki wamekatiwa bima ya ajali na ya madhara wanayoweza kusababisha, ambayo hulipa pale bima nyingine zisipolipa.

Ubora wa siku yenyewe, hata hivyo, humtegemea mwenyeji, na hapo tofauti ni kubwa. Binti yetu alipokwenda kwenye karakana ndogo ya useremala alipewa ubao, akapima, akakata kwa msumeno na kupiga randa huku mwanagenzi wa kike akimsimamia, na maswali aliyorudi nayo nyumbani yalihusu mshahara, muda wa mafunzo na uzito wa mbao. Mwaka mwingine, kampuni moja kubwa iliwakalisha watoto ukumbini kutazama picha za kampuni, ikawagawia mikoba yenye nembo na kuwaruhusu waondoke. Tangu hapo nasoma maelezo ya kila nafasi kwa makini, na yasipotaja kitu ambacho mtoto atakifanya kwa mikono yake naipita.

Upungufu wa pili unatuhusu sisi hasa. Watoto wengi hupata nafasi nzuri kupitia wazazi au jamaa zao, lakini wengi wetu tunafanya kazi hospitalini, kwenye maghala au katika usafi, na hatuna wa kumpigia simu katika kiwanda cha mashine. Mama muuguzi anaweza kuulizia nafasi ya mwanawe wa kiume kazini kwake, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa nafasi za wavulana ni chache kuliko za wasichana. Kwa binti, Radar ndiyo njia ya uhakika zaidi, nayo inahitaji kufunguliwa wiki nyingi kabla ya Aprili, hasa mjini ambako nafasi za karakana hujaa haraka.

Naipendekeza huduma hii bila kusita, ingawa saa chache haziwezi kumtosha mtoto kuchagua kazi. Mtoto akivutiwa, amwulize mwenyeji kabla ya kuondoka iwapo huwapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambayo shule nyingi huyaweka kuanzia darasa la nane au la tisa na huchukua wiki mbili au tatu.