Viatu vya magurudumu vya mtumba: uzoefu wangu hapa Malindi

Nilivipata soko la Kongowea, Mombasa, kwenye kibanda cha mitumba, shilingi 3,500, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 6,000. Ni vile vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, si vya mstari mmoja ambavyo vijana wengi wanavyo. Shingo fupi, ngozi nzito, na mbele pana kipande cha mpira cha kufungia breki. Vimeonja kazi: vidoleni vimezungushiwa tepu, ndani ya ulimi mtu ameandika namba kwa wino mzito, na magurudumu yamelika zaidi upande mmoja.

Huko kulika upande ndiko kulikonionyesha vilikotoka. Ni viatu vya rola dabi, mchezo ambao wachezaji huzunguka uwanja kinyume cha saa, kona zote kushoto. Kila timu inaingiza watu watano: wanne wa kuzuia, na mmoja mwenye nyota kwenye helmeti ambaye hupenya katikati ya wapinzani kutafuta pointi. Raundi haizidi dakika 2, lakini ndani ya dakika hizo ni bega kwa bega, nyonga kwa nyonga. Kiatu kilichovumilia hayo hakitishwi na kabro za Buntwani hapa Malindi.

Mchezo wenyewe una kisa. Ulianzia Chicago mwaka 1935, mali ya mfanyabiashara Leo Seltzer. Ukavuma kwenye televisheni, miaka ya 70 ukazimika. Kuanzia 2001 wanawake wa Austin, Texas, wakaufufua, na mwaka 2003 wengi wao wakawaacha mameneja wao, wakaunda Texas Rollergirls. Uwanja wa zamani, ule wa kingo zilizoinuliwa, ni ghali kuujenga. Wao wakachora mistari kwenye sakafu tambarare wakacheza. Kwa maoni yangu ufukara huo ndio ulioueneza mchezo, maana sakafu tambarare haikosekani mji wowote. Mwaka 2004 ligi za miji mbalimbali zikaungana, na Februari 2006 zikakutana Tucson, Arizona, kwa mashindano ya kwanza ya kitaifa. Zilikuja timu 20, na Texas Rollergirls ndio waliobeba ushindi. Kufikia 2011 kulikuwa na Kombe la Dunia kule Toronto, nchi 13.

Kinachonishangaza ni kwamba yote hayo yameendeshwa kwa kujitolea. Marefa, washika saa, wanaobandika mistari, wanaokata tiketi mlangoni: wengi ni wachezaji wenyewe au jamaa zao. Sisi huku kombe la mtaa likikosa mheshimiwa wa kununua jezi halichezwi, na uchaguzi ukipita hata mpira hatuuoni.

Nadhani ndiyo maana kila kitu kwenye kiatu hiki hufunguka kwa spana. Kimetengenezewa mtu anayejirekebishia mwenyewe. Chini ya bamba linaloshika magurudumu pana vipande vidogo vya mpira, ufundi uliobuniwa na James Plimpton huko New York mwaka 1863, vinavyokiwezesha kiatu kukata kona ukiegemea tu. Ukilegeza nati kinageuka upesi, ukikaza kinatulia. Fundi wangu wa baiskeli hajawahi kuviona vya aina hii, lakini alivielewa palepale.

Sasa kasoro. Magurudumu yaliyokuja navyo ni magumu, yameandikwa 96A, yaani kipimo cha ugumu, ya sakafu ya ndani. Kwenye kabro yalinitikisa mpaka taya. Niliagiza laini, 78A, na hapo ndipo nikaanza kufurahia, ingawa bei yake ilikaribia ya viatu vyenyewe. Adui wa pili ni mji wetu: mchanga na hewa ya chumvi. Beringi ziko 16, na kusi ikivuma zinaanza kulia kama panya dukani. Nazifungua, nazifuta kwa mafuta ya taa, nazikausha, kisha tone la mafuta ya cherehani. Ukizembea zinashika kutu.

Kwa akina dada: buibui na magurudumu havipatani. Mimi huvaa suruali pana ya kubana kifundoni na kanzu fupi. Bi mmoja jirani aliponiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, umeshaolewa au ndiyo unamkimbia bwana?" Siku hizi hukaa barazani kunitazama.

Kwa mtoto anayeanza nisingevipendekeza. Shingo fupi haishiki kifundo, na uzito wake unachosha. Mtu mzima mwenye subira, chukua, ila tenga pesa za magurudumu na pedi za magoti. Helmeti ya bodaboda usijaribu, ni nzito mno na inaziba masikio. Pedi sikuzipata Malindi. Za magoti ziliagizwa Nairobi zikaletwa na basi la usiku, na za viwiko bado naazima kwa kijana mmoja wa Buntwani, ambaye naye Jumapili huchukua viatu vyangu na kuvirudisha vimejaa mchanga.