Adapta ya JTAG ya FT2232H, maduka ya Kariakoo

Adapta yenyewe (inaunganisha USB ya kompyuta na JTAG, njia ya kukagua na kuprogramu chipu za bodi) nzuri, waya zilizokuja nayo ni za kutupa: ndefu mno, data inaharibika ukipandisha kasi. Tumia za sentimita 10, unganisha GND (waya wa ardhi) kwanza, anza na MHz 1. Chipu ya adapta, FT2232H, inafika MHz 30.

Kwenye OpenOCD, programu ya kuzungumza na chipu kupitia JTAG, ndiko inakong'ara, ukijua kupanga foleni ya amri kwenye kodi yako ya C. Kila safari ya USB hula muda, hivyo rundika skani (amri za kutuma na kusoma biti), ongeza jtag_add_callback (husajili fankisheni itakayoitwa data ikishafika) baada ya kila inayosoma data, kisha ita jtag_execute_queue, inayoendesha foleni yote, mara moja. Wengi wanateleza kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu inayopokea data: ukiitangaza ndani ya fankisheni inayomalizika kabla foleni haijaendeshwa, inakufa nayo, unasoma takataka. Iwe static, ibaki hai hata fankisheni ikiisha.

Pini zinatoa volti 3.3. Bodi ya volti 1.8 bila kibadilishaji volti? Usithubutu.