Mitishamba ya kuogea ya soko la Nakasero: harufu nzuri, maelekezo mabaya

Pakiti ninayoizungumzia niliinunua kwa muuzaji wa viungo katika soko la Nakasero, Kampala, gramu 200 kwa shilingi 12,000. Ndani mna mchaichai, majani ya mkaratusi, chumvi ya mawe na mujaaja, jamaa wa mrehani ambao Waganda wengi huutia kwenye chai.

Harufu ndiyo sifa yake kubwa. Mchaichai ulikuwa bado na rangi ya kijani, na nilipoufikicha ukatoa ukali wa limau unaotokana na sitrali iliyo katika mafuta yake, dalili kwamba ulianikwa kivulini, kwa kuwa majani yanayokaushwa kwenye jua kali hupauka na kupoteza mafuta yake. Mkaratusi nao haukuzidi, jambo la kushukuru, maana ukizidi bafu zima hunuka dawa ya mafua.

Kasoro imo katika maelekezo. Kibandiko kinamtaka mtumiaji amwage pakiti nzima katika hodhi la kuogea lililojaa maji ya moto, ilhali wengi wetu huoga kwa ndoo na beseni, na hata mwenye hodhi atajikuta akizibua bomba, kwa jinsi majani yalivyosagwa ovyo. Njia inayofaa ni kufunga vijiko vinne katika kitambaa chembamba, kuchemsha lita mbili za maji, kuyaepua, kulitumbukiza fundo hilo na kufunika sufuria dakika 15 ili mvuke usitoroke na harufu, kisha kuongeza maji baridi mpaka yawe vuguvugu. Nusu ya maji hayo huloweka miguu ukiwa umeketi, na nusu hujimwagia mabegani taratibu. Uchovu wa kutwa nzima kwenye foleni za magari hulegea, ingawa sina hakika ni kazi ya majani au ya maji ya moto yenyewe.

Kibandiko pia kinasema dawa hii inafaa familia nzima, nami sikubaliani nacho, kwa sababu mkaratusi unaweza kumletea mtoto mchanga shida ya kupumua. Anayemwogesha mwanawe kwa kyogero, mitishamba ya Kiganda ya kuogeshea watoto, asidhani pakiti hii ni mbadala wake.

Mwenye mchaichai uani hana sababu ya kulipa bei hiyo. Kwa anayeishi katika nyumba ya ghorofa inastahili, ila amwombe muuzaji majani mazima, ambayo huyapima kutoka kwenye gunia kwa bei nafuu zaidi.